Makucha ya Nyegere

Kanga alivunjika mguu vifaranga wake wakiwa bado wachanga, akashindwa kuwachakuria chakula. Jirani yake Nyegere akaja kumjulia hali.

"Niachie mimi, dada. Nitawalisha."

Kima akacheka juu ya mti. "Huyu? Mama yake alikuwa mkali, bibi yake vivyo hivyo. Hasira iko kwenye damu yao. Utazika watoto, Kanga!"

Nyegere hakukana. Kanga akawatazama wanawe wanavyolia njaa, akakubali shingo upande.

Mchana mmoja Nyegere alikuwa amejilaza kivulini. Kifaranga mmoja mtundu akamdonoa sikio, kisha akalidonoa tena. Nyegere akaruka juu, manyoya yamemsimama. Kanga akapiga ukelele. Kima akafumba macho.

Nyegere akawapa vifaranga mgongo, akaanza kuchimba. Alichimba kwa ghadhabu, akinguruma, udongo ukiruka huku na huku, mpaka kichuguu kikapasuka na mchwa wakamwagika. Vifaranga wakawakimbilia, wakala wakashiba.

"Kumbe hasira ilishakutoka?" Kanga aliuliza.

"Haijanitoka, dada," Nyegere alijibu akihema. "Ni ileile ya mama. Ila tangu ujana, kila inaponipanda nayapeleka makucha ardhini. Mwanzoni yalikataa. Siku hizi yanakwenda yenyewe."

Kima akashuka mtini polepole. Alikuwa na mwana mwizi, ambaye alishamkatia tamaa.

"Jirani," akasema kwa sauti ya chini, "hebu nieleze. Ulianzaje?"