Modemu ya Mkude

"Kambini kwangu mtandao haukatiki hata inyeshe mvua ya mawe," Mkude aliwatambia vijana aliokuwa akiwapeleka kupanda mlima. Kwa maneno hayo Zawena akakubali kuja, ingawa maombi yake ya chuo yangefungwa kesho yake saa sita mchana.

Sasa ilikuwa saa sita kasoro robo. Zawena alikuwa amebakiza kutuma cheti tu, na modemu iliyofungwa kwenye mlingoti wa hema ikazima.

"Nani anaangalia video?" Mkude alifoka. Akapita hema kwa hema akiwanyang'anya watu simu na kuzitupa kwenye karai. Akaitukana kampuni ya simu, akalitukana na wingu, tena wingu lenyewe halizidi leso.

"Kaka Mkude, zimebaki dakika nane," Zawena alisema.

"Na wewe ulingoja siku ya mwisho ya nini?"

"Si wewe uliyesema nije!"

Bi Sikudhani, mpishi, hakuinua hata macho kutoka kwenye viazi alivyokuwa akimenya. "Mwache mtoto wa watu. Modemu haina chaji. Tangu alfajiri waya wa sola umeuchomeka kwenye mashine yako ya kunyolea ndevu, baba. Nimekuona."

Kambi nzima ikageuka kukitazama kidevu cha Mkude, laini, kinang'aa juani. Zawena peke yake hakugeuka. Alikuwa ameshauchomeka waya kwenye modemu, anaikodolea macho taa yake, nayo ikapepesa mara moja, nyekundu.