Mtoto wa Mchoraji

Siku hizo watu wa kila timu ya mradi waliunganishwa mawazo na hisia kwa kidude kidogo nyuma ya sikio, ili watunga programu, wachoraji na watu wa sauti waelewane bila vikao. Tunu aliongoza timu ya katuni za watoto.

Jioni moja, akizungukazunguka jikoni bila kutulia, alimpakulia bintiye wali.

"Kula, Mwaija."

"Mama, mimi Saumu."

Mwaija alikuwa binti wa mchoraji mmoja wa timu yake.

Shomari, mume wa Tunu, akaweka kijiko chini. "Kivue hicho kidude, Mama Saumu."

"Mradi uliisha juzi. Nimeshakirudisha ofisini."

Tunu akamshika mtoto uso kwa mikono miwili, akalirudia jina la Saumu polepole, huku moyo ukimwambia kwamba mwanawe yuko nyumba nyingine, anamsubiri.