Hodi Moja Hatuitiki

Kwenye mlango wa kwanza palikuwa na karatasi iliyobandikwa kwa selotepu: HODI MOJA HATUITIKI. Kwenye wa pili, karatasi ileile. Mwanatumu alitembea mpaka mwisho wa ujia, milango kumi na miwili, na kila karatasi ilimchoma roho, maana maneno yale yalikuwa yake mwenyewe.

Siku za kazi Mwanatumu aliuza manukato katika duka moja la Al Mankhool. Alhamisi jioni aligeuka kuwa Bi Kivuli, akawasimulia Waswahili wa Dubai visa vya kutisha kwenye simu, sauti tupu bila sura. Visa vya kweli vilipomwishia, akaanza kutunga. Mwezi uliopita alitunga kwamba huko Al Qusais, katika makaburi ya zamani nyuma ya jengo la wafanyakazi, amelala mwanamke asiye na jina. Hutoka mchana kweupe, walinzi na wafagiaji wa zamu ya usiku wakiwa wamelala, akapita mlango kwa mlango.

"Mwanadamu hupiga hodi tatu," alinong'ona. "Ukisikia moja tu, huyo si mtu. Usiitike. Ukiitika, umekwisha."

Hakuna aliyepata kumwambia hayo. Aliichukua adabu aliyolelewa nayo kwao Mombasa, akaipindua, basi. Wasikilizaji walizidi, na kichwa kikamvimba.

Kisha ukaja ujumbe wa Jalia, Mganda aliyefagia maofisi na kuishi katika jengo hilohilo, chumba cha kwanza. Hakuna wiki aliyokosa kumsikiliza. "Dada Kivuli, wenzangu hawalali. Hata chooni wanasindikizana. Niambie mimi peke yangu, ni kweli au umetunga? Sitamwambia mtu."

Jibu lilikuwa jepesi. Lakini Bi Kivuli alimjibu: "Ngoja ya Alhamisi, mpenzi."

Aibu ilimpata baadaye, na ilipomshika haikumwachia. Alimwandikia Jalia kumtaka radhi. Ujumbe ukakaa siku nne bila kusomwa. Amekasirika, Mwanatumu alijisemea, na ana haki. Kwa hiyo Jumanne, siku yake ya mapumziko, akapanda metro mpaka Al Qusais. Alipita kwanza kwenye ukuta mfupi wa makaburi, akawasalimu waliolala mle, akaomba msamaha kwa kumzushia maiti asiyemjua. Sasa zamu ilikuwa ya walio hai. Angewaambia ukweli leo, hata kama kesho asingebaki na msikilizaji mmoja.

Akarudi, akasimama mbele ya mlango wa Jalia.

"Hodi! Hodi! Hodi!"

Kitasa kikazunguka, akatokea mwanamke mnene aliyevaa sare ya ulinzi.

"Woiye! Hiyo sauti! Si wewe ni Bi Kivuli?" Akamvuta ndani kwa mikono miwili. "Mimi ni Damaris, wa Kitale. Kaa, dada, kaa. Nikuwekee chai."

Chumba kilikuwa na vitanda viwili tu. Mwanatumu akakaa kwenye kile kisichotandikwa, akakaza moyo.

"Damaris, dada yangu, nimekuja kusema jambo. Kile kisa changu..."

"Alikuja!"

"Nani?"

"Huyo wa makaburini! Ijumaa, saa saba mchana. Nimetoka night, nimefunga komeo, nimelala. Nikasikia hodi. Moja tu, dada, vile ulisema! Sauti imekwaruza, imekauka, haifanani na ya mtu. Halafu nikasikia kucha kwa mlango, kwaru, kwaru."

Mwanatumu alihisi nywele zikimsimama ndani ya mtandio. Hakika alitunga. Basi aliyekuja ni nani, kama si yule aliyemsingizia, amekuja kudai heshima yake?

"Alianza na mlango huu," Damaris aliendelea. "Akaenda wa pili, hodi moja. Wa tatu, hodi moja. Alimaliza yote kumi na miwili. Mimi nilisukuma kitanda nikaziba mlango, nikaomba mpaka jasho likanitoka."

"Hamkuchungulia?"

"Nichungulie nini? Si ulisema tusiitike?"

Machozi yalimlenga Mwanatumu. "Niwieni radhi. Nilitunga. Wallahi sijui hata nani kazikwa pale. Niliwatia hofu bure ili nisikilizwe."

Damaris akacheka, akampa kikombe cha chai. "Umetunga na sisi tumemsikia na masikio yetu? Wacha kujishusha, dada. Wewe una kipawa."

Mwanatumu aliona haya kukipokea kile kikombe. Alikuja kutubu, na hapa anasifiwa. Lakini yule mmoja aliyeuliza, yeye angemwamini.

"Jalia atarudi saa ngapi? Nataka kumwambia yeye kwanza."

Damaris akaketi polepole.

"Kwani hujaambiwa?" alisema. "Ijumaa hiyo pumu ilimbana huko kazini, hata sauti ikapotea, supavaiza akamrudisha nyumbani mchana huohuo. Saa kumi jioni tulipothubutu kutoka tukamkuta amelala hapo kwa ngazi, amekata roho kitambo."

Akajifuta macho kwa kiganja, kisha akaushika mkono wa Mwanatumu, akaubusu.

"Hiyo kitu ilimkuta huko nje, maskini. Sisi wengine wewe ndiye ulituokoa."