Kome wa Kilimani

Profesa Lukindo alisimama kando ya kidimbwi cha kilimani akicheka. Vitabu vyake vyote vilisema bahari haikuwahi kufika huku juu. Sikitu, mtafiti mwenzake, alichomoa bomba la kuchotea udongo kutoka topeni. Ndani mlikuwa na udongo wa bahari, wa kijivu, uliojaa kome.

"Zamani barafu iliikandamiza nchi hii ya kaskazini, bahari ikaifunika. Barafu ilipoyeyuka, ardhi ikainuka," alisema Sikitu.

"Hao wameletwa na ndege, bibi wee."

"Ndege gani anaacha kome mzima, hata hajamfungua?"

Profesa alimchukua kome mmoja bombani, akamsaga kwa kiatu. "Yuko wapi sasa?"

Sikitu alimtazama kama anayemtazama mlevi barabarani, akadidimiza bomba tena. Likatoka likichuruzika tope, kome wamebanana ndani yake. Profesa akainua mguu.