Kifungo Kilichoshonwa

"Nipe mtoto, dada! Mawimbi yanamfunika!" alifoka mpiga kasia, amelala kifudifudi juu ya mtumbwi uliopinduka.

Ida, ambaye hakujua kuogelea, alining'inia ukingoni mwa mtumbwi kwa mkono mmoja. Kwa mkono wa pili alitafuta kifungo cha mbeleko kifuani. Ilikuwa mbeleko ya mitumba, yenye mikanda na kifungo cha plastiki.

"Unabana huku na huku," muuzaji wa Mbinga alikuwa amemwonyesha siku alipoinunua. "Mkono mmoja tu unatosha."

Sasa Ida alibana. Kifungo kililia ta, lakini mikanda haikuachana.

Vidole vyake vikagusa uzi wa nyavu. Wiki iliyopita, akipalilia kahawa kwao Matiri, kifungo kilifyatuka na mtoto akaporomoka hadi kiunoni. Jioni ile alikishona kabisa. Tangu hapo mbeleko ilivuliwa kwa kupitishwa kichwani.

"Umemshona mjukuu wangu kama gunia la kahawa!" mama mkwe alikuwa amemcheka.

Kuipitisha kichwani kulihitaji mikono miwili.

"Kaka," Ida alisema, "mshike yeye. Usinishike mimi."

Akauachia mtumbwi.