Barafu Juu ya Grafini

Jumamosi, tarehe tatu Juni, manyunyu tangu alfajiri. Maabarani, mwanafunzi mzee wa masomo ya jioni, ambaye wenzake walimwita Bibi Darasa, aliweka vipande vya barafu juu ya vigae viwili vya gundi iliyokauka, kwenye jiko la umeme lililowashwa. Gundi ya vigae vyote viwili ilichanganywa na grafini, unga wa kaboni unaopitisha joto. Unga wa kigae cha kulia aliutia dawa kwanza, ushikamane vyema na gundi na joto lipite haraka zaidi. Mwalimu hakuamini; barafu ya kulia isipotangulia kuyeyuka, mradi ungefutwa.

Bibi akafunga mikono nyuma, wasije wakasema viganja vyake ndivyo vilivyoiyeyusha barafu, akasali kimoyomoyo.

“Bibi, barafu inakucheka!” mwenzake alimtania.

“Iache imalize, mwanangu.”

Barafu ya kulia ikalegea, ikawa maji. Ya kushoto bado ilikuwa na pembe zake.

Mwalimu akaligeukia darasa. “Sikieni wote, naahidi: Jumatatu nitakaa kwenye dawati lake, na chaki atashika yeye.”