Taa ya Pili

Pazia liliungua kipande cha kiganja tu, lakini Bi Zakiya alipiga ukelele uliowatoa majirani wa mtaa wa Khuwair ya Kusini milangoni mwao.

"Huyu atatuchoma! Nilisema mimi, hiki kitaa cha mafuta kitatuchoma!"

Kusuma, mfanyakazi wake wa ndani, alisimama na ndoo tupu mkononi. Moto alikuwa ameshauzima kabla ukelele haujaisha. Ilikuwa miaka kumi na minne tangu atoke kwao Sri Lanka, na miaka yote hiyo, katika chumba chake nyuma ya jiko, palikuwa na rafu. Juu ya rafu lilikaa sanamu dogo la Buddha, na mbele yake kitaa cha mafuta ya nazi alichokiwasha kila alfajiri na kila magharibi.

"Bibi, nakuomba usiiondoe rafu," alisema kwa Kiswahili safi cha Unguja, alichojifunza humu humu ndani kwa Bi Zakiya, wakati wajukuu wa nyumba wakimjibu bibi yao kwa Kiarabu cha nchi. "Sina pengine pa kuombea."

Bi Zakiya hakuwa mtu wa kumnyima mtu ibada yake. Hilo alikuwa akilisema mwenyewe, mara nyingi, mbele za watu.

Dawa ikaletwa na mwanawe Shihab, fundi wa umeme anayeishi Al Khoudh: taa za betri, hazina moto wala moshi. Mtu akikaa mbele yake inawaka yenyewe, akiinuka inazimika. Zilikuja mbili katika boksi moja.

"Moja ya Kusuma, na moja ya pale unaposali wewe, Mama. Si ulisema kona yako ina kiza?"

"Anza kwake," aliamuru Bi Zakiya, "kabla hajamalizia pazia la pili."

Shihab akaanza kwake. Kisha akaifunga nyingine chumbani kwa mama yake, ukutani juu ya mswala. Mwisho akaziunganisha zote na simu ya mama ili betri zikiisha ajue, akambusu kichwani, akaondoka.

Hakujua amemwachia nini. Simu ile ilihesabu dakika. Kila Alkhamisi ilileta ripoti ya wiki. Taa ya Kwanza, masaa saba. Taa ya Pili, dakika kumi na tisa.

Ya kwanza ni ya nani, Bi Zakiya hakuwa na haja ya kuuliza. Katika nyumba yake, nani mwingine angewekwa wa kwanza?

Kwa kweli alishangaa kidogo. Goti lake bovu halikumruhusu kukaa sana juu ya mswala, na alfajiri kitanda kilikuwa na namna yake ya kumbembeleza. Lakini namba ni namba. Mtu akizama katika ibada, alijieleza, hahisi wakati unavyokwenda. Tangu siku ile akawa anatembea polepole, kama aliyebeba nuru na anaogopa kuimwaga.

Ya pili ndiyo iliyomkera.

"Dakika kumi na tisa, Kusuma! Wiki nzima! Ulitaka kutuchoma kwa ajili ya dakika kumi na tisa?"

"Bibi, mie nnakaa pale mpaka miguu inakufa ganzi."

"Miguu yako inasema uongo. Simu haisemi uongo."

Kusuma alitazama chini. "Labda taa haijanizoea."

"Basi nnakupa wiki mbili ikuzoee. Isipokuzoea, taa inatoka, rafu inatoka, na sanamu lako linarudi katika sanduku lililokuja nalo."

Wiki mbili zikapita. Kusuma aliapa kwamba sasa anaamka mapema zaidi na kukaa zaidi. Ripoti ikaja: Taa ya Kwanza imepanda hadi masaa tisa, Taa ya Pili imeshuka hadi dakika kumi na moja. Bi Zakiya alitikisa kichwa kwa huzuni, huzuni iliyomkalia vizuri sana usoni.

Alkhamisi hiyo darsa ya wanawake ilikuwa kwake. Simu ikapita mkono kwa mkono, pamoja na halua.

"Masaa tisa!" alisema Jumana, jirani yake. "Mashaallah, shoga yangu. Na goti hilo?"

"Goti nimelisahau." Bi Zakiya aliinamisha macho kama anayeona haya kusifiwa. "Lakini hiyo ya pili niombeeni dua. Nyumba ni moja, taa ni za namna moja, na mtu hana hata dakika mbili kwa siku za kumkumbuka anayemwabudu."

Wanawake wote wakageuka kumtazama Kusuma, aliyekuwa akimimina kahawa. Aliendelea kumimina, kikombe kikajaa kupita adabu.

Hodi ikapigwa, mitandio ikarekebishwa, Shihab, aliyeitwa na mama yake, akaingia na bisibisi yake. Bi Zakiya hakutaka kumtaja mtu kwa jina. Kusengenya ni dhambi, na darsa ya siku hiyo ilikuwa juu ya hilo hilo.

"Mwanangu, kaing'oe ile taa ya pili. Haina mtumiaji."

"Ya pili?" Shihab alimkazia macho. "Una hakika, Mama?"

"Mbele ya mashahidi wote hawa."

Kusuma alilitua dele la kahawa, akaenda kuuziba mlango wa jikoni kwa mgongo wake. "Shihab, mwanangu, chukua taa. Niachie rafu tu."

Shihab alimtazama kwa mshangao, wala hakuelekea jikoni. Aliingia chumbani kwa mama yake. Bisibisi ikasikika ikizunguka, kisha akatoka na taa mkononi, akasimama katikati ya wageni.

"Hii hapa, Mama. Kweli haina mtumiaji. Hata betri haijashuka."